Gari Nililolipaka Mawese

Bado naiona asubuhi ile, mwanangu, ingawa macho yangu ya sasa hayawezi hata kuingiza uzi kwenye sindano. Ilikuwa siku ya harusi ya Mwajuma. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimejifunga kitambaa chekundu kichwani, nimeinama mbele ya gari la mama yake na natazama sura yangu kwenye boneti. Wakati huo nilikuwa na meno yote. Nilijiona mzuri kweli. Gari lenyewe liling'aa mpaka kuku aliyekuwa anapita akasimama, akamwona kuku mwenzake mlangoni, akaanza kumdonoa. Nilicheka peke yangu. Nikasema moyoni, leo Ujiji nzima itajua Rashidi ni nani.

Na kweli walijua, lakini hilo linakuja.

Mimi ni fundi wa rangi za magari, hapa Gungu, na kazi hii nimeifanya tangu enzi ambazo magari ya mji huu unayajua yote kwa majina ya wenyewe hadi leo ambapo bodaboda peke yake hazihesabiki. Shule niliishia darasa la nne. Sababu yake ni ndefu na ina mbuzi wa mwalimu mkuu ndani yake, tuiache. Marehemu baba alikuwa mjenzi wa mitumbwi pale ufukweni Ujiji. Alikuwa akichukua pamba, anailoweka kwenye mawese, anaishindilia katikati ya mbao kwa patasi, tak tak tak, na mtumbwi huo unakaa majini miaka na miaka. Mimi nimelelewa na harufu hiyo. Nikakua najua jambo moja tu kuhusu kutunza kitu: ukitaka kisiharibike, kipake mafuta.

Baba alitaka nifuate patasi yake. Mimi nikapenda magari. Nikaenda Kasingirima kwa Mzee Nestori.

Huyu Mzee Nestori alitoka Burundi akiwa kijana, akaoa hapa, akazaa hapa, lakini Kiswahili chake kilibaki na kwao ndani yake. Akikwambia jambo zito anamalizia, "Urumva?" yaani, umesikia? Na usiposema umesikia, anarudia tangu mwanzo. Hakuwa na shamba. Hakuwa na kaka wala mjomba katika mji huu wa kumsemea akionewa. Alichokuwa nacho ni jina. Mtu akigonga gari lake, au kutu ikimlia milango, watu walimwambia, "Kama ni rangi, mpelekee Nestori, usihangaike." Maneno hayo ndiyo yaliyowalisha watoto wake sita. Likumbuke hilo unapoendelea kusoma, maana mimi nililisahau.

Sasa Mama Mwajuma. Mama huyu aliuza dagaa, na sauti yake ilikuwa ya kuitia mtumbwi ulio mbali. Alinunua gari dogo lililokwisha zeeka, limepauka kama kisigino cha mkulima, akalileta kwa Mzee Nestori akasema anataka limpeleke binti yake kwa mume, huko Mwandiga, na anataka rangi ya damu ya mzee. Si nyekundu, si ya udongo. Damu ya mzee. Mzee Nestori akalifanyia kazi wiki tatu. Tulikwangua kutu, tukapiga msasa, tukaziba mashimo, tukapiga msasa tena wa maji mpaka vidole vyangu vikachubuka, ndipo akapuliza rangi. Alikuwa akipuliza rangi kama mtu anayemfunika mtoto shuka, polepole, haondoki upande mmoja mpaka ameridhika.

Tukamaliza zikiwa zimebaki siku kumi na moja kufikia harusi. Akaniita, akaniambia hivi:

"Rashidi. Rangi mbichi inapumua. Hata ukiigusa ukaona kavu, ndani bado. Usiipake kitu. Si nta, si mafuta, si nini. Maji safi na kitambaa laini, basi. Nta tutaipaka mimi na wewe baada ya miezi miwili. Urumva?"

"Nimesikia, mzee."

Nilisikia kwa masikio, mwanangu.

Harusi iliangukia Jumapili. Mzee Nestori akaenda kusali, akaniachia gari nilioshe. Nikalitoa vumbi, nikalisafisha, nikasogea nyuma kulitazama. Lilikuwa zuri. Lakini lilikuwa zuri la kutulia, uzuri wa mtu mzima aliyevaa vizuri. Mimi nilitaka uzuri wa kupiga kelele. Nikakumbuka mitumbwi ya baba. Nikajiuliza, mtumbwi unapakwa mafuta unavumilia ziwa zima, gari lina nini?

Nikaenda kwa mama muuza chai wa jirani, nikamwomba moto. Nikapasha mawese kwenye kopo, nikayeyushia mshumaa mzima humo, nikatia na mafuta ya taa kidogo ili yapakike. Nani alinifundisha? Hakuna. Nikachukua fulana kuukuu, nikalipaka gari lote, juu mpaka chini, nikalisugua mpaka mkono ukafa ganzi. Mawese na ile damu ya mzee ni kama ndugu wa tumbo moja. Huwezi kuona mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Hapo ndipo kuku akaja kupigana na kivuli chake.

Mama Mwajuma akafika na shangazi wawili wa Mwajuma, wamevaa sare. Akashika kiuno.

"Rashidi! Hili ni gari langu?"

"Lako, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona linanitazama?" Akazunguka nyuma, akarudi mbele. Akajirekebisha kilemba kwenye bati la mlango kana kwamba ni kioo. "Mmelipaka nini?"

"Hiyo siri ya ufundi, mama."

"Na litakaa hivi hivi?"

Hapa ndipo nilipoharibu, mwanangu. Si kwenye kopo. Hapa. Nilitoa kifua mbele nikamwambia, "Mama, mwaka mzima. Inyeshe mvua, liwake jua, mwaka mzima."

Wale shangazi wakapiga vigelegele. Mimi nikanyoosha kola.

Siku hizo barabara ya kwenda Mwandiga ilikuwa ya udongo mtupu, na ilikuwa kiangazi. Gari la bibi harusi likatangulia. Mimi nilipanda nyuma ya pikapu ya wapiga ngoma, tukafuata. Hatujapita nyumba za mwisho za mjini nikaona gari langu linabadilika. Vumbi la magari mengine lilikuja na kuondoka, unajua vumbi lilivyo, linakaa juu, upepo unalipunguza. Kwenye gari lile halikuondoka hata punje. Lilinata. Kila tulipokwenda linaongezeka, mpaka tulipokaribia Mwandiga, gari lote limekuwa kama mgebuka, yule samaki wa ziwani, uliovingirishwa kwenye unga ukingoja kutiwa kikaangoni. Mpiga ngoma mmoja akaniuliza, "Kwani wametoka nalo shamba?" Nikajifanya sijasikia, ngoma ni nyingi.

Tukafika. Wakwe wamejipanga. Mlango ukafunguliwa, Mwajuma akateremka na gauni lake jeupe, pana, na kwa kuwa lilikuwa pana likajiburuza kwenye ubavu wa gari. Alipogeuka kuwaelekea wakwe zake, kulikuwa na alama kutoka nyongani mpaka gotini. Nyekundu ya kahawia, mbichi, ya mafuta. Vigelegele vikakatikia kooni mwa watu.

Kisha sauti ya mwanamke mmoja, ndugu wa bwana harusi, ikasema bila hata kushushwa: "Ee! Rangi inachuja! Hawa wametuletea mwari kwa gari la rangi ya ukili!"

Unajua ukili, yale majani ya mikeka yanayotiwa rangi yakilowa yanachafua godoro. Watu wakacheka. Mwajuma hakucheka. Mama yake alimtia kanga begani kuficha, akamshika mkono wakaingia ndani. Mimi nilikuwa juu ya pikapu, nimeshika ngoma ya mtu mwingine kifuani. Nilijua harufu ile. Nyumba ile ilikuwa inapika wali na mboga kwa masufuria makubwa, harufu ya mawese imejaa uani, hakuna aliyetambua kuwa nyingine ilikuwa inatoka kwenye gari. Ningeweza kuruka chini nikasema. Miguu yangu haikuwa na hitilafu yoyote. Sikuruka.

Jumatatu Mama Mwajuma akalileta gari karakana. Hakuzima hata injini vizuri.

"Nestori! Rangi yako imechuja kwenye gauni la mwanangu mbele ya wakwe! Na huyu kijana wako aliniambia mwaka mzima. Mwaka mzima, Nestori! Hata Mwandiga haikufika!"

Mzee Nestori akapitisha kidole mlangoni. Akakitazama. Akakipeleka puani. Kisha akaniangalia mimi, mwanangu, kwa muda wa mtu kunywa bilauri ya maji. Mimi nikainama kuokota msasa ambao haukuwa umeanguka.

"Liache, mama," akasema. "Nitalirudia lote. Upya."

"Na jina langu utalirudia?"

"Samahani, mama."

Akaomba samahani yeye. Mimi nipo hapo.

Jumanne mji ulikuwa umelishika neno hilo. Nilipita sokoni Ujiji nikasikia vijana wanataniana, "Usiegemee hapo, kapaka Nestori!" Jumatano mwenye lori moja, aliyekuwa ametuletea milango yake miwili, akaja kuichukua. Alisema tu kwamba amebadilisha mawazo. Mzee Nestori akamsaidia kuipandisha, akamfungia na kamba vizuri isikwaruzike njiani. Mke wake alisimama mlangoni akitazama ile milango inavyoondoka. Kisha akaingia ndani. Ile milango ilikuwa kazi ya mwezi ule. Jina la mzee lilikuwa linamomonyoka mbele ya macho yangu kwa kitu nilichokipaka mimi, na nilichokuwa nikifanya ni kufagia karakana. Sijawahi kufagia hivyo. Niliifagia karakana ile siku tatu kama ninatafuta sindano.

Alhamisi Mzee Nestori akaja kazini amevaa shati lake jeupe la kanisani. Nikashangaa, fundi rangi na shati jeupe siku ya kazi. Mchana mke wake akatuletea chakula, ugali wa muhogo na mchicha wa mawese. Tukanawa. Akachovya kidole kwenye mchuzi wa ule mchicha, na huku ananitazama, akakifuta kifuani mwake, kwenye lile shati, mstari mrefu.

"Hii ni rangi gani, Rashidi?"

Nikaurudisha ugali sahanini.

"Ni mawese, mzee."

"Si rangi yangu?"

"Si rangi yako."

"Basi mbona mji wote unasema ni rangi yangu?"

Nikaanza kulia, na usinicheke, hata wewe ungelia. Akasubiri nimalize. Alikuwa mtu wa kusubiri.

"Mafuta ningekusamehe siku ile ile," akasema. "Mtoto wa mjenzi wa mitumbwi, mafuta yako damuni. Ulikosea, mtu anakosea. Na kuhusu kunyamaza kwako, nimekungoja siku tatu, nikasema labda leo, labda leo. Lakini nieleze kitu kimoja. Ulimwambia mama wa watu mwaka. Mwaka huo uliuona wapi?"

"Sikuuona, mzee."

"Ulipaka asubuhi. Saa tano ukasema mwaka. Neno 'inadumu' si lako wewe kulisema, mwana wanje, mtoto wangu. Ni la jua na mvua. Wewe fundi unapaka, halafu unanyamaza, unatazama. Jua likishasema, ndipo na wewe useme. Urumva?"

"Nimesikia."

Safari hii nilisikia.

Ijumaa asubuhi nikaenda ufukweni walikoanika dagaa. Mama Mwajuma alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na wanawake kama kumi hivi wakigeuza dagaa mchangani. Nikamwamkia, nikasimama, nikasema yote kwa mfululizo kabla moyo haujanikimbia: kopo, mshumaa, mafuta ya taa, fulana, na kwamba Mzee Nestori alinikataza na hakuwepo.

Mama Mwajuma akasema, "Mawese."

"Ndiyo, mama."

"Rashidi. Gari langu ni mchicha?"

Wale wanawake walianguka. Mmoja akauliza kama nilitia na kitunguu. Mwingine akasema ndiyo maana mbwa walikuwa wanaliramba tairi. Nilisimama pale nikachekwa mpaka wakachoka, na nakwambia kweli, kuchekwa kule kulikuwa tamu kuliko zile siku tatu za kufagia. Lakini Mama Mwajuma alicheka kidogo tu.

"Hapa umesema, vizuri," akasema. "Hawa watalifikisha sokoni kabla ya adhuhuri. Lakini wa Mwandiga hawako hapa. Nenda ukawaambie."

Nikaazima baiskeli. Nilifika Mwandiga nimekuwa mwekundu kwa vumbi kama lile gari. Mama mkwe wa Mwajuma akanipa maji ya kunywa na kigoda, nikaeleza. Mwajuma akatoka ndani, akasikiliza amesimama, mikono imefungwa kifuani. Nilipomaliza akaniuliza polepole, "Kwa hiyo mama hakunipeleka kwa gari bovu?"

Hapo ndipo nikajua kwamba wiki ile nzima yule mwanamke wa ukili, shangazi wa mumewe, alikuwa akimrushia maneno, kwamba amekuja kwao kwa gari la bei ya chini, kwamba kwao hawakumthamini. Bibi harusi wa siku tano, ugenini, anakula hayo na chai. Mimi nilikuwa nimefikiria jina la Mzee Nestori tu. Sikujua kuna mwingine nyuma ya mlango anayelipa.

"Halikuwa bovu," nikasema. "Lilipakwa na fundi bora kuliko wote mjini. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Rudia," akasema Mwajuma. Akaelekeza kidevu jikoni. "Na sauti uitoe, shangazi asikie."

Nikarudia kwa sauti ya babangu akiita watu wa kusukuma mtumbwi. Jikoni sufuria likaanguka. Mwajuma akacheka kwa mara ya kwanza, nami nikapanda baiskeli.

Nilipita pia kwa yule mwenye lori. Alinisikiliza, akaguna. Jumatatu milango yake ilikuwa imerudi karakana, imeegemezwa ukutani. Hakuomba radhi, alisema tu alikuwa anapita njia hiyo. Wanaume tuko hivyo, na si jambo la kujivunia.

Gari la Mama Mwajuma tulilirudia lote. Mafuta ya taa yalikuwa yamelainisha rangi mbichi, vumbi limezama ndani yake, hakukuwa na njia ila kukwangua. Nilikwangua mimi, peke yangu. Mzee Nestori alipuliza. Na kwenye ukuta wa nyuma wa karakana, upande unaopigwa na jua tangu asubuhi, alikuwa amening'iniza mlango mkuukuu wa gari, umegawanywa mistari kwa msumari. Nilikuwa nikiuona kila siku nikidhani ni chuma chakavu. Akaniambia huo ndio mlango wa ushahidi. Kila kitu kipya kinachokuja, cha dukani au cha kutengeneza mwenyewe, kwanza kinakwenda pale, kwenye mstari wake, na kinakaa mwaka kabla hakijagusa gari la mtu.

"Paka mawese yako hapo," akasema.

Nikapaka. Pembeni yake yeye akapaka nta, mstari mwingine akauacha mtupu. Nikawa nautazama kila asubuhi kama mtu anavyotazama mgonjwa. Mawese yangu wiki ya kwanza yalinata vumbi na nzi. Mwezi wa pili yakaanza kuwa meusi. Mvua zilipokuja zikayatoa vipande vipande, na chini yake rangi ilikuwa imepauka vibaya kuliko hata pale pasipopakwa kitu. Nta ilikuwa nyingine. Ukiinyunyizia maji yanakusanyika matone madogo ya duara, kama jasho la puani, yanateleza na vumbi lake. Lakini nayo, masika ilipoisha, matone yakawa yamelala, yametandika. Nikamwambia, mzee, hata nta imekufa. Akasema ndiyo, nta hufa, na fundi huipaka tena. Kilichobaki kizima kilikuwa rangi iliyo chini yake, na hicho ndicho tulichokuwa tunakilinda. Yale matone ya kupendeza yalikuwa mapambo tu.

Mzee Nestori alifariki kazi ikiwa imemjaa mlangoni. Mlango wake wa ushahidi aliniachia mimi. Leo hapa Gungu ninayo milango saba juu ya paa, na nikwambie bila haya, mwanangu, hicho ndicho ninachojivunia maishani kuliko nyumba. Kila kilichowahi kuuzwa mji huu kwa ajili ya kulinda rangi ya gari kiko pale juu, na kila kimoja kimeshahojiwa na jua. Kuna zile za kupulizia zilizong'arisha siku tatu. Kuna moja ya kopo la bluu iliyogeuka njano kama jino la mvuta tumbaku. Mafundi wananijia kutoka mbali, wananiamkia, kisha wanaomba ngazi. Mimi magoti yangu hayapandi tena, nakaa chini nawauliza, "Mstari wa nne unasemaje?"

Sasa kimekuja hiki cha seramiki, maji ya kwenye kichupa kidogo yanayokauka yakawa kama ngozi ya kioo juu ya rangi. Binti yangu wa mwisho, Sauda, alikwenda Dar es Salaam kujifunza kuipaka. Aliporudi nilimwambia kitu kizuri, lakini kwanza mlangoni. Hakubisha. Alipanda mwenyewe. Kwa misimu miwili ya mvua, mmoja kila mwaka, tumejifunza mambo. Kwamba ukipaka juu ya mikwaruzo, mikwaruzo inang'aa nayo, kwa hiyo kazi kubwa ni kabla ya kichupa. Kwamba jiwe la barabarani likigonga linavunja tu. Kwamba ukiosha gari kwa maji ya ziwa ukaliacha likauke juani, chumvi ya maji inaacha madoa meupe ya duara, na hayo madoa yanaing'ang'ania ile ngozi kama kupe. Mwaka wa kwanza mstari mmoja matone yalilala, tukadhani imekufa. Sauda akauosha vizuri kwa sabuni laini, matone yakasimama tena. Haikuwa imekufa, ilikuwa chafu tu. Nilimpigia makofi kutoka chini.

Juzi alikuja bwana mmoja na gari jeupe, jipya, bado lina nailoni kwenye viti. Nilikuwa nimekaa kivulini nakunywa chai.

"Dada, hii yako inakaa miaka mingapi?" akauliza. "Maana kuna jamaa hapo chini ameniambia miaka mitano, na ananiandikia."

Sauda akajifuta mikono. Nilishika kikombe bila kunywa. Bwana yule alikuwa kazi ya wiki nzima, na Sauda ana karakana ya kusimamisha.

"Mimi nimeiona misimu miwili, kaka," akasema. "Ipo juu ya paa, naweza kukuwekea ngazi uione. Ukiosha vizuri misimu miwili inakaa, hiyo naiapia. Wa tatu sijauona."

"Yaani fundi hujui?"

"Wa tatu sijui. Mwakani nitakujibu."

Bwana yule akacheka kwa pua, akapanda gari lake, akashuka kwa huyo jamaa wa miaka mitano. Hajarudi mpaka leo, na huenda asirudi. Sauda akanigeukia akiwa na wasiwasi, "Baba, nimekosea?" Nikaweka kikombe chini. Nilimwambia aje nimshike kichwa, nimbariki.

Basi sikia ninachokuachia, wewe unayeshika kazi ya mikono, iwe rangi, iwe cherehani, iwe matofali. Kazi mbichi iache ipumue. Usiifunike kwa haraka ya kusifiwa. Usiuze mng'aro ukauita ulinzi. Mng'aro unaonekana asubuhi, ulinzi unaonekana baada ya mvua. Kitu kipya kijaribu kwanza kwenye mlango wako mwenyewe, si kwenye mlango wa mtu. Ukikosea, sema siku ile ile, na ufike mpaka kwenye nyumba ya mwisho lilikofika kosa lako, maana yupo anayelilipia ambaye wewe humwoni. Na mtu akikuuliza kitu chako kitadumu kiasi gani, mwambie ulichokiona kwa macho yako. Kisha nyamaza. Ukinyamaza mahali hapo unaweza kupoteza mteja, lakini jina lako utalala nalo likiwa zima.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka na ulimi usiotangulia mikono yako. Akupe jua la kutosha kukausha kazi zako na mvua ya kutosha kuzipima. Akupe bwana wa kazi atakayekungoja useme ukweli, na wewe uwe mtu wa kuusema kabla hajachoka kungoja. Na watakaokuja kukuuliza habari za kazi yako, wakukute huna cha kuwaficha, ngazi yako iko tayari ukutani. Amina.